Mali isiyogawanywa: naomba tuujadili kwa kina urithi wa ukoo wa mama kwa Waminangkabau

#1 Mleta uzi

Habari zenu wakuu, na shikamooni wakubwa.

Naomba tujadili jambo ambalo mitandaoni hutajwa kwa mkato mno: "Kuna Waislamu huko Indonesia wanarithisha wanawake tu." Ikishasemwa hivyo, wengine hushangilia, wengine hulaani, na mjadala unaishia hapo bila mtu kuuliza mali yenyewe ni ipi, inashikwa na nani na inalindwaje. Mimi nilisoma Padang, mji mkuu wa Sumatra Magharibi, nikapata bahati ya kuzoeana na familia za huko, na jambo hili nimelibeba moyoni. Uzi utakuwa mrefu, mnivumilie.

Waminangkabau ni watu wa Sumatra Magharibi. Kitovu chao ni nyanda za juu zinazouzunguka mlima Marapi, kwenye maeneo matatu ya asili: Tanah Datar, Agam na Lima Puluh Kota. Ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, kama walivyo wengi wetu wa pwani. Na wanahesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, awe wa kike au wa kiume. Wanatajwa kuwa jamii kubwa kuliko zote duniani zinazofuata utaratibu huo. Ni mamilioni ya watu, wala si kijiji kilichojificha msituni.

Mali ninayotaka kuizungumzia wanaiita *harta pusaka tinggi*, yaani mali kuu ya ukoo. Ni mashamba ya mpunga, mabwawa ya samaki, minazi, kiwanja, na ile nyumba kubwa yenye paa lililochongoka kama pembe za nyati, *rumah gadang*. Imeshuka kutoka kwa bibi hadi bibi mpaka hakuna anayekumbuka ilianzia kwa nani hasa. Hiyo haigawanywi na haiuzwi. Kila mwanamke wa ukoo ana fungu lake la kulima na kulisha watoto, lakini fungu hilo ni la kutumia. Anayesimamia ni mjomba, *mamak*, na yeye naye hana mamlaka ya kuliuza. Mwanamume hawapitishii watoto wake mali hiyo kwa sababu watoto wake ni wa ukoo wa mkewe, nao wana mashamba yao huko.

Ukiingia kwenye nyumba yenyewe utauelewa utaratibu haraka kuliko kwa kuusoma. Unapanda ngazi, unaingia kwenye ukumbi mmoja mrefu usio na kuta za kati, sakafu ya mbao imeng'aa kwa kukaliwa. Upande wa nyuma vyumba vimepangana, na kila chumba ni cha binti aliyeolewa. Mume anakuja kukaa kwa mkewe. Wavulana hawana chumba kabisa. Zamani wakishafika umri wa kusoma Kurani walihamia *surau*, ambayo ni mahali pa kuswalia, chuo na bweni kwa pamoja, wakajifunza dini na *silek*, mchezo wao wa kujihami.

Mbele ya nyumba zinasimama ghala za mpunga zinazoitwa *rangkiang*, na hapa ndipo mimi nilipouheshimu utaratibu huu kwa dhati. Kila ghala ina jina na kazi yake. *Sibayau-bayau* ni ya chakula cha kila siku. *Sitinjau lauik* ni mpunga wa kuuzwa ili nyumba inunue isichoweza kulima. *Sitangguang lapa* haiguswi siku za kawaida. Ni ya wakati wa njaa na ya kumsaidia aliyekwama. Yaani kabla njaa haijaja, fungu la mwenye njaa limeshatengwa, lina paa lake na jina lake, uani, mbele ya macho ya kila mpita njia. Nyingi leo ni tupu au zimebaki kama pambo, hilo nalikubali. Lakini watu waliofikiri hivyo kuhusu mpunga walifikiri hivyo hivyo kuhusu ardhi.

Kuna mambo manne tu ambayo kwa adati, yaani desturi ya mababu, yanaruhusu shamba la ukoo kuwekwa rehani. La kwanza, nyumba ya ukoo inavuja na hakuna fedha ya kuitengeneza. La pili, kuna msichana aliyefikia umri na gharama za kumwoza zimekosekana. La tatu, maiti imelala ndani na hakuna cha kuzikia. La nne wanaliita kuinua gogo lililozama: cheo cha mkuu wa ukoo kimekaa bila mtu kwa kukosa gharama za kumsimika, ukoo umepoteza sauti barazani, sasa unataka kusimama tena. Nje ya hayo manne, hapana. Na hata hapo ni rehani. Aliyetoa fedha anavuna shamba mpaka akombolewe, kisha shamba linarudi.

Yatazameni hayo manne kwa utulivu, wakuu. Hakuna biashara wala gari wala harusi ya kujionyesha. Ni paa, ni binti, ni maiti, ni heshima ya ukoo mbele za watu.

Msimamo wangu ni huu: utaratibu huu una thamani kubwa ya kimaadili kwa sababu unamnyima mtu aliye hai uwezo wa kumfukarisha mjukuu ambaye hajazaliwa. Karibuni tujadili.

#2 Mchangiaji (Tanga)

Ahsante mleta uzi, umeandika vizuri. Ila mimi ni mwanafunzi wa dini na siwezi kunyamaza. Surat An-Nisaa aya ya 11 na ya 12 zimeshagawa. Mtoto wa kiume ana fungu, wa kike ana fungu, mke, mume, baba na mama kadhalika. Mafungu hayo kayagawa Mwenyezi Mungu mwenyewe. Sasa mtu akifa, mwanawe wa kiume akaambiwa hana kitu kwa sababu ya ada za mababu, hiyo si dhuluma? Thamani ya kimaadili inatoka wapi hapo? Naomba jibu la kisheria. Ghala za mpunga hazijibu swali hili.

#3 Mleta uzi

Shekhe wangu, swali lako ni zito, na Waminangkabau wenyewe wameliuliza kwa zaidi ya karne moja. Aliyeliuliza kwa ukali kuliko wote ni mtoto wao. Shekhe Ahmad Khatib, aliyezaliwa Agam mwaka 1860, alipanda mpaka akawa imamu na khatibu wa Washafii katika Msikiti Mtukufu wa Makka. Akiwa huko aliandika kwamba wanaoshikilia mali kwa utaratibu huu wanakula haramu. Alifia Makka mwaka 1916. Kwa hiyo hoja yako ina wazee wakubwa nyuma yake.

Lakini mwanafunzi wake mwenyewe, Haji Rasul wa Maninjau, ambaye ni baba wa mwanachuoni Hamka, aliitazama mali ile na kuuliza: ni ya nani? Mirathi ni ya kitu alichokimiliki maiti. Huyu bibi aliyekufa hakulimiliki shamba hili. Asingeweza kuliuza, wala kumpa mtu zawadi, wala kuliusia. Basi halimo katika mali aliyoiacha. Akalifananisha na ile ardhi ya Sayyidna Umar kule Khaybar, iliyowekwa isiuzwe, isitolewe zawadi, isirithiwe, watu wanufaike na mavuno tu. Sisi wa pwani wakfu za familia tunazijua, Mombasa na Unguja zimejaa habari zake.

Mwaka 1952 wanazuoni, wakuu wa koo na wasomi walikutana Bukittinggi wakaliweka wazi: mali kuu ya ukoo iende kwa adati, na mali ambayo mtu kaichuma mwenyewe kwa jasho lake igawanywe kwa faraidhi. Kwa hiyo, shekhe, yule mtoto wa kiume unayemhurumia hakosi kitu. Duka la baba yake, gari, nyumba aliyoijenga mjini, fedha za benki, vyote vinahesabiwa kwa mafungu ya Kurani. Asichorithi kwa baba ni shamba ambalo hata baba hakuwa nalo.

#4 Mchangiaji (Tanga)

Hapo umenijibu nusu. Wakfu ina mwenye kuiweka, na ina tamko. Hii iliwekwa na nani?

#5 Mleta uzi

Wao husema waliofyeka msitu ndio walioiweka kwa ajili ya wazao wao wote. Tamko la maandishi hakuna, na ndiyo maana wapo wanazuoni ambao hawajaridhika mpaka leo. Sitakudanganya kwamba suala limefungwa. Ninachokipenda ni kwamba wamelijadili misikitini na barazani bila kuuana. Mababu zao hawakuweza hivyo: vita vya Padri, vilivyoanza kama ugomvi wa wanamageuzi wa dini na watu wa adati, viliwafungulia mlango Waholanzi, na mwaka 1837 ngome ya wanamageuzi, Bonjol, ikaanguka, kiongozi wao Tuanku Imam Bonjol akakamatwa na kupelekwa uhamishoni hadi akafia Sulawesi. Kauli wanayoishi nayo sasa ni kwamba adati inasimama juu ya sharia na sharia inasimama juu ya Kitabu.

Na tusisahau ardhi hii ilitoa wanawake wa aina gani. Padang Panjang ndipo Rahmah El Yunusiyyah alipofungua shule ya dini ya wasichana, Diniyah Putri, mwaka 1923. Mkuu wa Al-Azhar aliitembelea mwaka 1955, na miaka miwili baadaye Al-Azhar ikampa Rahmah cheo cha Shekha. Msichana wa huko anakua akijua kwamba nyumba ni ya mama yake. Sidhani kama hilo halihusiani na ujasiri wa mtu kama Rahmah.

#6 Mchangiaji (Morogoro)

Mkuu, mimi ni Mluguru, haya mambo nimezaliwa nayo. Kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama na mjomba ndiye mwenye sauti. Sasa nikuambie ukweli ambao watu wa nje hawausemi. Kwanza, mjomba anaweza kuwa mwizi. Nimeona mjomba kakodisha shamba la dada zake, hela kala. Pili, mwanaume anakuwa mgeni kila mahali. Kwa mkewe mgeni, kwao mgeni. Umejenga nyumba kwenye kiwanja cha ukoo wa mkeo, ndoa ikivunjika unaondoka na begi. Huko Sumatra hawalii? Usituletee peponi.

#7 Mleta uzi

Kaka, nashukuru. Wanalia, na wana maneno makali kuliko yako. Mume katika nyumba ya mkewe hufananishwa na jivu juu ya kisiki: upepo ukivuma, limepeperuka. Mzee aliyefiwa au kuachika zamani alirudi kulala surau, pale pale alipolala utotoni. Kwangu hili ndilo doa zito kuliko yote katika utaratibu huu, na sitalipaka rangi. Mtu kalima miaka arobaini, uzeeni hana ukuta anaouita wake.

Wao walijaribu kulitibu kwa njia mbili. Ya kwanza ni wajibu uliosemwa wazi: mwanao mpakate, mpwa wako mwongoze, na watu wa kijiji wajali. Mwanamume ana mizigo miwili kwa wakati mmoja, wa baba na wa mjomba, na mpwa anajua mlango wa kubisha baba akikosekana. Mtazame Mohammad Hatta, makamu wa kwanza wa rais wa Indonesia. Alizaliwa Bukittinggi mwaka 1902, baba akafariki yeye akiwa bado mchanga. Alikulia nyumbani kwa mama yake, akasoma mpaka Uholanzi. Kwingi duniani mtoto wa aina hiyo angeitwa yatima, mjane angeanza kusukumana na mashemeji juu ya nyumba. Kule, kifo cha baba kilileta msiba lakini hakikumwondoa mtoto chini ya paa lake.

Ya pili ni *merantau*, kwenda ugenini. Kijana ambaye hana chumba nyumbani anaambiwa wazi kwamba hapa bado hafai kitu, aende akahangaike kwanza. Ndiyo maana karibu kila mji wa Indonesia una mgahawa wa Kipadang na rendang yake. Na hata humo dukani roho ya ule mpunga inaendelea: migahawa mingi ya jadi haikulipa mshahara. Mpishi, mpakuzi, muosha vyombo na mwenye mtaji kila mmoja ana pointi zake, wanaziita *mato*, na baada ya miezi kadhaa faida inahesabiwa na kugawanywa kwa pointi hizo. Biashara ikienda vibaya wote wanabana mkanda, mwenye mtaji pia.

Kuhusu mjomba mwizi: wapo, na si wachache. Kinga ya adati ni kwamba hakuna sahihi ya mtu mmoja inayotosha. Niliwahi kukaribishwa kwenye kikao cha familia iliyotaka kuweka rehani shamba kwa ajili ya paa. Kilianza kwa sinia ya tambuu, majani, popoo na chokaa kama yetu ya pwani, pamoja na gambir, utomvu mkavu wa majani ya mmea ambao Lima Puluh Kota inailima kwa wingi. Wanaume wakazungumza kwa mafumbo, nusu yake nikashindwa kuyafuata. Kila mtu alionekana amekubali. Kisha mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa kimya muda wote akimenya popoo, akasema binti yake aliyeko Pekanbaru bado hajaulizwa. Basi. Kikao kikaahirishwa pale pale, mjomba akafunga mazungumzo kwa dua, na mvua ikaendelea kuvuja kwenye ndoo. Hakuna aliyenung'unika mbele yangu. Binti yule hata hakai kijijini, ana kazi yake mjini, lakini bila neno lake shamba halitoki.

Mjomba wa kwenu aliyekula hela, kaka, aliweza kwa sababu wanawake hawakuitwa. Mtu akitaka kuurekebisha utaratibu wa Uluguru aanzie hapo.

#8 Mchangiaji (Zanzibar)

Assalaam alaykum. Mimi asili yangu ni Ngazidja, kule Komoro, na nilipousoma uzi huu nikahisi naelezwa nyumbani. Kwetu mali hiyo tunaiita manyahuli. Nyumba na shamba vinashuka kwa mama, mume anahamia kwa mke, binti akizaliwa baba na wajomba wanaanza kufikiria nyumba yake. Na sisi ni Waislamu wa Kishafii toka karne na karne. Kwa hiyo kaka wa Tanga asidhani ni mambo ya Wajava huko. Bibi yangu aliwahi kuachwa, na aliyefunga virago ni mume. Bibi alibaki na jiko lake, kisima chake na watoto wake. Kina mama wa huku mjini wanaoachwa usiku na kutolewa na watoto mikononi, wangelipata neema hiyo wasingelala vibarazani.

#9 Mleta uzi

Dada yangu, waalaykum salaam. Umesema kwa mistari michache nilichohangaika kukisema kwa kurasa. (Kidogo tu: Waminangkabau si Wajava, na ukiwaita hivyo watakurekebisha kwa upole lakini watakurekebisha.)

Niongeze jambo linalonitia hofu. Hatari kubwa ya mali hii leo sioni kama ni wanazuoni. Ni hati. Serikali inataka kila kipande cha ardhi kiwe na cheti, na cheti kinataka jina. Likiandikwa jina la mjomba peke yake, siku akifa wanawe, ambao ni wa ukoo mwingine, wana karatasi ya kwenda nayo mahakamani. Likiandikwa la dada mmoja, benki inamwona yeye tu. Wale wengine kumi na wajukuu zao hawamo. Sheria ya mkoa ya mwaka 2008 ilijaribu kuitambua ardhi ya jumuiya na matumizi yake, na hilo lilikuwa jema. Lakini kazi ya kweli iko kwa watu wa familia: wanapokwenda kuandikisha, waandikishe ukoo wote, hata kama foleni ni ndefu na wanaotakiwa kutia sahihi wametawanyika kuanzia Jakarta hadi Malaysia.

Na waliwahi kuonja kinachotokea serikali ikipuuza muundo wao. Sheria ya mwaka 1979 ilitaka nchi nzima iwe na vijiji vya mtindo mmoja. Huko Sumatra Magharibi, *nagari* zao za kale, jumuiya za vijiji zenye mabaraza ya wakuu wa koo, zikakatwa vipande na kuwa vijiji vidogo vidogo vya kiserikali. Utawala ukaenda huku, adati huku, na ardhi katikati ikawa haijui imsikilize nani. Baada ya rais Suharto kuondoka walizirudisha nagari, kuanzia mwaka 2000. Sijui jamii nyingi zilizopata nafasi ya kurejea namna hiyo, na zikaitumia.

Maisha nayo yamebadilika. Familia nyingi sasa zinaishi baba, mama na watoto kwenye nyumba ya matofali, baba ndiye anayelipa ada ya shule, mjomba anakuja Idi. Surau hazilazi tena vijana kama zamani. Mimi sina tatizo na baba kupata nafasi yake; lile jivu juu ya kisiki lilihitaji kupata mahali pa kutua. Lakini shamba la bibi libaki zima.

#10 Mchangiaji (Mombasa)

Uzi mzuri sana huu, nimeusoma wote. Nina swali moja dogo bwana. Hebu tuseme nyumba imejaaliwa watoto wa kiume watupu, hapana binti hata mmoja. Hapo hiyo mali huenda kwa nani? Yafa?

#11 Mleta uzi

Swali zuri, maana hiyo hali ipo na ina jina, *punah*. Wale wanaume wanaendelea kunufaika na mali mpaka wa mwisho wao anapofariki, lakini hawawapitishii watoto wao. Baada ya hapo inatafutwa nyumba iliyo karibu zaidi ndani ya ukoo ule ule, na ukaribu wanaupima kwa mwili: kwanza ndugu wa shubiri, hao ndio wa karibu kabisa kwa nasaba. Wakikosekana, ndugu wa dhiraa, ambao nasaba yao inakutana juu zaidi. Wakikosekana hao, ndugu wa pima, waliotawanyika mbali lakini bado wanalijua jina la ukoo. Mali inahamia kwa wanawake wa nyumba hiyo pamoja na wajibu wake wote. Ugomvi mwingi wa ardhi unaofika kwenye baraza la adati la nagari unatoka hapa hapa, watu wakibishana nani ni shubiri na nani ni dhiraa. Ndipo huitwa wanawake wazee kutoa ushahidi, kwa kuwa wao ndio wanaokumbuka nani alizaliwa na nani, tangu bibi wa bibi zao.